Karatasi ya Salmoni Haitibu Sukari Bigo

JICHO LA BIGO
Na Baba Neema

Jumatano asubuhi jirani yangu alianguka penye bomba la maji, jasho linamtiririka, mikono inatetemeka. Ni mama wa makamo aliyekimbia vita Djugu akapanga chumba hapa Bigo, mtaa wa Bunia. Kwa bahati alikuwa bado anaweza kumeza. Binti yake akamnywesha maji yenye sukari, akapata nafuu.

Nikamuuliza amekula nini. Akanionyesha karatasi ya kituo cha afya alikokutwa na ugonjwa wa sukari. Kifaransa kitupu. Picha za tufaha, salmoni na mkate wa ngano isiyokobolewa. Chini yake, picha ya bugali imepigwa msalaba mwekundu.

"Baba Neema, hii vitu inauzwa wapi hapa Bunia?"

Sikuwa na jibu. Sombe haimo kwenye karatasi ile. Maharage hayamo, lengalenga haimo, samaki wa Tchomia hayumo. Mama alielewa kwamba chakula chake chote ni sumu, akaacha kula, huku akimeza vidonge vya glibenklamidi. Dawa hiyo hushusha sukari hata tumbo likiwa tupu.

Wanaonisoma kila wiki wanajua ugomvi wangu na makaratasi yenye mihuri. Safari hii karatasi nusura iue.

Najua bugali wa muhogo hupandisha sukari haraka. Basi mgonjwa afundishwe kiasi! Zimbabwe wanapima kwa mikono: wanga usizidi ngumi mbili, samaki au nyama kiasi cha kiganja, mboga kadiri viganja viwili vinavyobeba. Mikono kila mtu anayo, hata aliyeacha shamba na nyumba Djugu. Aambiwe pia apunguze sukari anayojaza kwenye chai na mandazi ya kila asubuhi. Hayo yote yanasemeka kwa Kiswahili, kwa Kilendu, kwa Kihema, katika dakika chache.

Wenzetu wameweza. Wahindi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972 walifika Leicester, Uingereza, kwa wingi. Kisukari huwashika zaidi watu wa asili ya Asia Kusini kuliko Wazungu. Wataalamu wa mji ule wakatengeneza masomo yanayotaja chapati na samli, kwa lugha za wagonjwa wenyewe. Hawakumwambia bibi wa Kigujarati asahau jiko lake.

Hapa kwetu sababu ya kushindwa ni moja: aliyechapa karatasi hakuuliza kilichomo chunguni. Kuuliza hakuhitaji mfadhili wala mashine. Mnaowatibu watu wa Bigo, nendeni sokoni, tazameni akina mama wanachonunua, kisha ndipo mwandike.

Munganga anayemkataza mgonjwa bugali bila kumwambia ale nini, amemwandikia njaa akaipigia muhuri.