Kiswahili Kitakupeleka Wapi?

Hakuna mwanafunzi wa kitivo chetu ambaye hajaulizwa swali hili nyumbani: hicho Kiswahili unachokisoma kitakupeleka wapi? Anayesoma sheria haulizwi. Anayesoma uhandisi wa migodi haulizwi kabisa, hasa kwetu Lualaba. Sisi tunaulizwa kila likizo, na wengi tumezoea kujibu kwa sauti ya chini: nitafundisha, nitafanya kazi redioni, nitatafuta. Mimi natoka Mutshatsha, na siku hizi najibu kwa mfano. Kiswahili kiliwahi kumpeleka kijana Mkongo mpaka kisiwa cha Kuba, katika bahari ya Karibi, akaishi na kufanya kazi huko karibu miaka 40. Mfano huu unaonyesha thamani ya ujuzi wetu. Unaonyesha pia jinsi ujuzi huo unavyoachwa bila mlinzi, na hapo ndipo nina neno la kuwaambia walimu wetu na wanafunzi wenzangu.

Kijana huyo aliitwa Freddy Ilanga. Mwezi wa Aprili 1965 kundi la kwanza la Wakuba lilivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma, likafika Kibamba, upande wa Fizi, kuwasaidia waasi waliokuwa wakipigana na serikali ya Léopoldville. Mkubwa wao alikuwa Ernesto Che Guevara, aliyekuja kwa siri. Ili kuficha majina yao, Wakuba walijiita kwa hesabu ya Kiswahili: Víctor Dreke akawa Moja, José María Martínez Tamayo akawa Mbili, na Guevara mwenyewe akawa Tatu. Ilanga, ambaye bado alikuwa kijana mdogo, alipewa kazi ya kumfundisha Tatu Kiswahili na kuwa mkalimani wake. Aliifanya kwa muda wa miezi saba, mpaka Wakuba walipoondoka mwezi wa Novemba mwaka ule ule.

Wanahistoria wamechambua sana sababu za kushindwa kwa safari ile: viongozi waliokaa mbali na vita, askari wasiofunzwa, ugomvi kati ya makundi. Kwa msomaji wa kitivo cha lugha kuna sababu nyingine, na Guevara aliiandika yeye mwenyewe katika kumbukumbu zake za Kongo. Alikiri kwamba hakujifunza Kiswahili mapema wala vizuri, kwa kuwa alikuwa na Kifaransa. Kifaransa kilimwezesha kuzungumza na viongozi, lakini kilimtenga na askari wa kawaida. Mtu ambaye hakusoma isimu-jamii hata siku moja aliona, katika kushindwa kwake, jambo tunalolijadili darasani kila muhula. Katika nchi hii Kifaransa kinakufikisha ofisini. Ukitaka kufika kwa watu wenyewe, unahitaji lugha yao, au unamhitaji mtu wa kukusemea.

Huyo mtu wa kukusemea ndiye ninayemtetea. Tatu anajulikana dunia nzima. Picha yake iko kwenye fulana zinazouzwa hata katika masoko ya Kolwezi. Aliyempa maneno ya kuwaambia askari wake, wangapi kati yetu wamewahi kusikia jina lake? Mkalimani akifanya kazi vizuri, wanaozungumza husahau kwamba yupo. Hiyo ni sifa ya kazi yake, lakini kwa maisha yake ni hatari.

Baada ya vita Ilanga alipelekwa Kuba. Alidhani ni safari ya muda mfupi. Ikawa ya maisha. Alijifunza Kihispania, akasomea udaktari, akawahudumia watoto wenye maradhi ya ubongo na neva. Huko kwao hawakujua aliko. Miaka ikapita, Mobutu akatawala, Mobutu akaanguka, nchi ikabadilishwa jina na kurudishiwa jina. Baada ya karibu miaka 40 simu ikalia Kuba, nayo ilitoka Bukavu: ni jamaa zake, ambao muda wote ule hawakujua kama yu hai. Alifariki mwaka 2005. Mtafiti Katrin Hansing alitengeneza filamu kuhusu maisha yake, na ningependa ionyeshwe kitivoni mwetu.

Wako watakaosema: huyo alifanikiwa, alikuwa daktari, mnataka nini zaidi? Sikatai kwamba alifanikiwa. Lakini tuangalie mafanikio yale yalitoka wapi. Kiswahili kilimfungulia mlango, kisha kikabaki mlangoni. Mkate wake aliupata kwa Kihispania na kwa udaktari. Kazi ya kwanza, ile iliyomfanya apelekwe Kuba, haikumpa cheti wala cheo wala pensheni, kwa sababu hakuna aliyeihesabu kuwa taaluma. Ilihesabiwa kuwa bahati ya kijana aliyekuwa karibu.

Kwetu Mutshatsha neno Kuba lina historia nyingine. Ukilitaja mbele ya wazee, watakuuliza: «Kuba? Ile ya bita?» Mwezi wa Machi 1977 wapiganaji wa FNLC, wengi wao watoto wa Katanga waliokuwa wakimbizi Angola, walivuka mpaka. Tarehe 25 Machi waliitwaa Mutshatsha. Mwezi mmoja baadaye jeshi la Zaire, likisaidiwa na askari wa Maroko walioletwa kwa ndege za Ufaransa, liliirudisha. Mobutu alidai kwamba Wakuba waliokuwa Angola ndio waliokuwa nyuma ya uvamizi ule. Kuba ikakana. Kwa mwananchi aliyekimbilia porini na watoto mgongoni, mabishano yale ya wakubwa hayakuwa na maana, lakini neno lilibaki.

Naikumbusha habari hii kwa sababu ya lugha. Mji wetu uko kwenye reli iendayo Dilolo na Angola. Watu wake wamekwenda na kurudi kwa kazi, kwa biashara na kwa vita. Ni jambo la kawaida kwetu kumkuta mama anayeuza mihogo akizungumza Kilunda, Kichokwe, Kiswahili na Kireno cha kutosha kupatana bei. Mama huyo, kwa sababu hana Kifaransa cha shule, anaandikwa kwenye karatasi za serikali kama mtu asiyesoma, na watu husoma hapo kwamba hajui kitu. Kitivo cha lugha kingepaswa kuwa mahali pa kwanza pa kukataa hesabu hiyo. Badala yake mara nyingi tunaithibitisha, kwa sababu hata sisi tunapima lugha kwa vyeti.

Kuna safari nyingine ya kati ya Karibi na Kongo, iliyokwenda upande wa pili. Uhuru ulipofika mwaka 1960, Wakongo waliokuwa na shahada ya chuo kikuu hawakufika hata 30. Wabelgiji wakaondoka kwa wingi, na nafasi zao zikahitaji watu. Umoja wa Mataifa na UNESCO wakawaajiri Wahaiti wengi: walimu, madaktari, mabwana shamba. Mtengenezaji filamu Raoul Peck, aliyetoa filamu ya Lumumba mwaka 2000, alizaliwa Port-au-Prince na aliletwa Kongo akiwa mtoto, kwa kuwa baba yake alikuja kufanya kazi huku. Watu wale walitusaidia sana na hatuna budi kuwashukuru. Walikuwa weusi kama sisi, na walikuwa na Kifaransa. Hicho Kifaransa ndicho kilichowafanya waajirike. Nyumbani kwao watu wengi walizungumza Kikreoli, na huku kwetu watu wengi walizungumza Kiswahili, Lingala, Kikongo au Tshiluba. Mkataba wao ulipita juu ya vichwa vya lugha hizo zote.

Mwaka 2024 Waswahili wenyewe walifika kwenye kisiwa hicho. Tarehe 25 Juni 2024 polisi wa kwanza kutoka Kenya walishuka Port-au-Prince, katika kikosi kilichoidhinishwa na Baraza la Usalama mwezi wa Oktoba 2023 ili kukabiliana na magenge. Lugha rasmi za Kenya ni Kiswahili na Kiingereza. Za Haiti ni Kikreoli na Kifaransa, na katika mitaa yenye magenge lugha ya watu ni Kikreoli. Polisi anayesimamisha gari usiku lazima aelewe dereva anasema nini. Asipoelewa, bunduki ndiyo itakayozungumza. Miaka 59 baada ya Tatu kufika Kibamba, tatizo lilikuwa lile lile, ila safari hii aliyehitaji mkalimani alikuwa mtu wetu.

Nimesikia pingamizi mbili dhidi ya hoja yangu, na zote mbili zinastahili kujibiwa.

Ya kwanza husema kwamba chuo kikuu si shule ya ufundi. Tupo hapa kusoma fonolojia, fasihi, nadharia, na ukalimani utajifunzwa kazini. Naipenda fonolojia, na sitaki ipunguzwe hata saa moja. Lakini daktari naye husoma anatomia, kisha hupelekwa wodini chini ya mkubwa wake. Hakuna anayesema kwamba wodi inashusha hadhi ya anatomia. Mwanafunzi wetu anaweza kumaliza masomo bila kukaa hata mara moja kati ya watu wawili wasioelewana na kubeba maneno ya mmoja kumpelekea mwingine.

Ya pili husema: mkimfundisha kijana ukalimani mtampoteza, ataondoka kama Ilanga. Kwanza, vijana wanaondoka hata bila kufundishwa. Pili, kazi hii tayari iko mlangoni kwetu. Nenda Kolwezi. Kati ya msimamizi aliyetoka China na mchimbaji aliyetoka Mutshatsha kuna kijana mmoja anayejua maneno 300 ya upande mmoja na lugha yote ya upande wa pili. Kwa maneno 300 hayo anatafsiri mshahara, ajali na fidia.

Mimi mwenyewe nilifanya kibarua hicho wakati wa likizo, katika kampuni ambayo sitaitaja. Nilipewa mkataba wa kurasa mbili kwa Kifaransa na vibarua tisa wa kuuwekea sahihi. Niliambiwa: waeleze tu kwamba ni kanuni za kazi. Niliwasomea kurasa zote mbili kwa Kiswahili chetu, pamoja na kipengele kilichosema kwamba mtu anaweza kuachishwa siku yoyote bila taarifa na bila malipo. Wawili wakakataa kutia sahihi. Saba wakatia, lakini wakijua wanatia nini. Kesho yake sikuitwa tena kazini. Hakuna chama nilichoweza kukimbilia, wala kanuni ya taaluma niliyoweza kumwonyesha yule mkubwa na kusema: mkalimani hutafsiri yote, hachagui.

Kanuni hiyo ndiyo ninayotaka kitivo kiiweke mikononi mwetu. Katiba ya 2006 inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Nchi imejiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mwaka huo huo Umoja wa Afrika ulikubali Kiswahili kiwe lugha yake ya kazi. Kila tarehe 7 Julai tunaiadhimisha Siku ya Kiswahili kwa ngoma na hotuba. Ni vizuri. Lakini vikao vya jumuiya hizo vitahitaji wakalimani wanaotoka kwenye Kifaransa kwenda kwenye Kiswahili, na nchi chache zina watu waliokulia ndani ya lugha hizo mbili kama sisi.

Naomba mambo matatu. La kwanza, kozi ya ukalimani ianze mwaka wa pili, kwa mazoezi ya mdomo, na kanuni za uaminifu na siri zifundishwe kama somo. La pili, kila mwanafunzi apelekwe kwa muda mahakamani, hospitalini au mgodini, chini ya mwalimu anayefuatilia, ili awe na mtu wa kumtetea akisema ukweli wote. La tatu, kazi zetu za mwisho wa masomo zikubali kukusanya istilahi za kazi jinsi zinavyosemwa Lualaba, kwa Kiswahili cha huku na kwa Kiswahili sanifu, bila kukichekea kimojawapo. Wapiganaji wa Kibamba hawakuzungumza Kiswahili cha vitabu vya Dar es Salaam, na bado kilikuwa Kiswahili ambacho Tatu alikihitaji.

Hayo matatu hayahitaji jengo jipya. Yanahitaji uamuzi wa baraza la kitivo na walimu wawili au watatu walio tayari kuanza. Yakipatikana, mwenzetu atakayeulizwa likizo ijayo Kiswahili kitampeleka wapi, ataweza kutaja kazi kwa jina lake, na anayekwenda mbali kuifanya atakwenda na cheti mkononi na anwani ya watu wake.