Kabla ya Kuichomoa Risasi ya Salaita

Kilima cha Salaita, karibu na Taveta, kilipiganiwa Februari 12, 1916, na wanajeshi wa Afrika Kusini, waliokuwa upande wa Waingereza, wakarudishwa nyuma na jeshi la Wajerumani na askari wake Waafrika. Mwokotaji wa leo akipata risasi pale, hukimbilia kuisugua. Kosa!

Kinachotakiwa ni kipimo. Risasi butu, nzito, isiyovikwa metali ngumu, yenye kipenyo cha kama milimita 11, huelekeza kwenye bunduki ya Mauser ya 1871. Askari wengi wa Wajerumani walikuwa nayo Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza 1914, na moshi wa baruti yake nyeusi uliwaumbua kila walipofyatua. Zile nyembamba ndizo zinazochanganya: ya Lee-Enfield ya Waingereza hupima takriban milimita 7.9, ya Mauser 98 hupita 8 kidogo tu. Ukiibana kwa koleo, ushahidi umekwisha.

Wanaowauzia watalii risasi hizi wanauza chuma chakavu, maana risasi isiyojulikana ilipolala haisemi nani alimfyatulia nani. Basi, msomaji, piga picha, andika mahali, ndipo uwaite watu wa makumbusho. Ikiwa bado imo kwenye ganda lake, usiiguse, waite polisi.