HESABU ZA NYUMBANI: Ponti isiyo na jina

Mwezi huu hesabu zetu zina grisi kidogo. Mama mmoja, ambaye ni mweka hazina wa familia sita zenye Hiace moja ya kubebea mahindi, alituletea swali hili:

"Mwalimu, mutusaidie. Ponti ya nyuma ya gari yetu imevunjika. Baba watoto amepata ingine Lilongwe, muuzaji anasema ni ya Hiace, lakini haina jina wala namba ya kusomeka. Tumelipa nusu. Nusu ingine ni mwisho wa mwezi. Tutajuaje kama ndiyo yenyewe?"

Asante mama kwa kuuliza mapema. Kwanza tuelewane maneno. Sisi wa Kongo na Burundi tunasema ponti, waliopitia Tanzania wanasema ekseli au difu. Ni ule mti wa chuma unaoshika magurudumu mawili ya nyuma, wenye tumbo katikati. Ndani ya tumbo kuna meno yanayopokea nguvu ya injini kutoka kwa kardani na kuipeleka kwenye magurudumu.

Watu wengi wanaanza kwa kuhesabu bolti za gurudumu. Anza hapo, lakini usiishie hapo, maana ndipo watu wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Bolti sita, zenye milimita 139.7 kutoka katikati ya moja mpaka katikati ya ile inayoitazama, utazikuta kwa Hiace nyingi, Hilux nyingi, Nissan Caravan, Pajero, hata pikapu za Isuzu. Gurudumu litaingia vizuri kabisa, watu watashangilia, na bado ponti si yako.

Kama bolti ni tano, hakuna inayotazamana na mwenzake, basi hapo hesabu ya darasani inafaa. Pima kutoka bolti moja mpaka jirani yake, katikati kwa katikati, halafu zidisha kwa 1.7. Ukipata kama 165 unafikiria Land Rover, ambayo wazee wetu wa Fizi na Uvira wanaijua vizuri. Ukipata 150 unafikiria Land Cruiser za kazi zilizotengenezwa kuanzia 1999, sawa na zile nyeupe za mashirika. (Vijana, tafadhali, musiende kupima zile nyeupe bila ruhusa ya dereva.)

Sasa tazama tumbo. Kuna ponti ambazo tumbo lake kwa nyuma limefungwa na kifuniko cha bolti: ukikitoa, unaona meno yakiwa mle mle ndani. Kuna zingine ambazo nyuma ni duara lililofungwa moja kwa moja, na meno yote yanatoka kwa mbele pamoja na nyumba yao. Toyota nyingi ni za aina hii ya pili. Tazama pia tumbo limekaa wapi. Kwa Land Rover za zamani na Defender limesogea upande wa kulia, halikukaa katikati. Tena tazama mwisho wa mti, pale gurudumu linapokaa. Ukiona duara la bolti ndogo ndogo katikati ya habu, ambapo unaweza kuchomoa shafti bila kutoa gurudumu, hiyo ni ponti ya mzigo mzito: lori, Land Rover, Land Cruiser. Hiace ya kawaida haiko vile, shafti yake yenyewe ndiyo inabeba uzito.

Baada ya macho, chukua futi. Pima upana wote, kutoka uso wa dramu moja mpaka uso wa dramu ingine. Halafu pima kati ya vile vibao viwili vilivyochomelewa kwenye mti, pale springi zinapokaa. Kipimo hiki mafundi wa haraka wanakidharau, wanasema "tutakata, tutachomelea tena". Mimi siungi mkono. Kibao kikikaa upande kidogo tu, tumbo linatazama juu au chini, kardani inafanya kazi ikiwa imepinda na krosi zake zinakufa upesi.

Kipimo cha mwisho ndicho nakipenda zaidi, nacho hakihitaji kufungua kitu. Weka ponti juu ya magogo. Chora mstari wa chaki kwenye dramu na mwingine pale kardani inapofungwa. Mtu mmoja ashike dramu ya upande wa pili isizunguke hata kidogo. Wewe zungusha dramu yako mara 20, mwenzako ahesabu mizunguko ya pale mbele. Gawa kwa 10, umepata uwiano wa meno. Kwa nini 10 na si 20? Kwa sababu upande mmoja ukishikwa, meno makubwa ya ndani yanakwenda nusu tu ya dramu unayozungusha.

Tulifanya hivyo Jumamosi uani kwa mama, na wanafunzi wanne. Ponti yao iliyovunjika ilikuwa wazi, tukahesabu meno yenyewe: 41 kwa 10, yaani 4.1. Hii ya Lilongwe ilizunguka mara 48 na robo tatu, yaani 4.875. Bolti zilikuwa sita, sawasawa. Tumbo sawa. Lakini vibao vya springi vilipitana kwa sentimita sita, na kwa uwiano huo injini ingezunguka karibu asilimia 19 zaidi kwa mwendo ule ule. Sisi ambao tangu 2022 tumeona foleni za mafuta tunajua hiyo maana yake nini. Na kama gari ingekuwa ya kuvuta magurudumu yote manne, uwiano wa mbele na nyuma usipolingana inavunja meno mengine.

Kurudi Lilongwe si jambo la kuamka tu na kwenda, hasa tangu 2023 serikali ilipoanza kurudisha kambini wenzetu waliokuwa wakiishi mijini. Baba watoto aliomba ruhusa kwanza, akaenda na ponti juu ya matola. Mfukoni alikuwa na karatasi: upana, kibao kwa kibao, 4.1. Pia alipiga picha ya ile sahani ndogo ya Toyota iliyo karibu na injini, penye maneno TRANS/AXLE, kwa sababu herufi na namba zilizo pale ndizo zinaeleza giaboksi na ponti iliyotoka nayo kiwandani.

Muuzaji hakurudisha pesa, lakini alikubali kubadilisha. Ponti ya kwanza walioipima yadini haikulingana, ya pili pia. Ya tatu vibao vililingana, na dramu ilipozungushwa mara 20 mbele walihesabu 41. Nusu ya pili ililipwa pale pale. Pesa ya matola, kwenda na kurudi, hakuna aliyewarudishia. Wameigawa kwa familia sita.