Jua Lililotua Mashariki

Msomaji mpendwa, bila shaka umepata kuona picha ya mashamba ya chai ya Kericho jua likitua, mbingu nyekundu kama makaa, na wachumaji wamejipanga na vikapu mgongoni. Kama hukuiona kwenye kalenda, umeiona kwenye simu ya jirani. Sasa nikuulize: wachumaji hao wanafanya nini shambani saa hiyo? Majani huchumwa tangu asubuhi, yakapimwa na kupakiwa kwenye lori kungali mchana. Jioni mchumaji yuko kwake, ugali uko mekoni. Tena alasiri za Kericho ni za mawingu na mvua, siku nyingine mvua ya mawe, kwa sababu hewa yenye unyevu wa Ziwa Victoria hukwea milima ile na kupoa. Usishangae basi ukiambiwa kuwa baadhi ya majua hayo yalitengenezwa mezani.

Mimi sisemi kwa kusikia. Jua moja la namna hiyo lilitengenezwa katika nyumba yetu.

Kwetu ni Chebunyo, huko Chepalungu katika kaunti ya Bomet. Ukiteremka kutoka Bomet mjini kuelekea huko, chai inakuaga njiani na unabaki na mahindi, ng'ombe na vumbi. Mwanafunzi mmoja, mtoto wa dada yangu, alikwenda huko likizo ya Aprili akampiga picha babu yake, yaani baba yangu, ameketi kwenye kigoda chini ya mti nyuma ya nyumba ya zamani. Ilikuwa saa saba mchana. Mwaka haukwisha, mzee akafariki. Nyumba ile nayo ikabomolewa.

Wakati wa kukumbuka mwaka mmoja tangu tumzike, kijana akataka kumfurahisha kogo wake. Akaichukua picha ile, akaitia katika programu ya kuhariri picha, akaanza kupika. Aliongeza joto la rangi mpaka majani yakawa ya dhahabu. Akapaka rangi ya chungwa juu ya paa na zambarau juu zaidi, akatia giza mbele, kisha akabandika duara la jua nyuma ya nyumba. Sikatai, kazi ilikuwa safi. Tukaichapisha kubwa, tukaitia fremu, tukafunga safari.

Mama aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Mbona jua linatua mlangoni?"

Hapo ndipo nilipoona kosa. Nyumba ile mlango wake ulielekea mashariki. Wakipsigis wa zamani waliweka mabwaita, madhabahu ya nyumbani, upande huo huo wa mashariki, na jina la Mungu, Asis, ni jina la jua. Aliyezaliwa hapo haulizi mashariki ni wapi. Kijana alisimama nyuma ya nyumba alipopiga picha, kwa hiyo kamera ilikuwa inatazama mawio.

"Basi kogo, tuseme ni asubuhi," akajitetea.

"Asubuhi babu yako alikuwa mtoni na ng'ombe. Na uso wake uko wapi?"

Uso haukuwapo, msomaji. Kijana alijua kuwa mtu akiwa na jua mgongoni huonekana kama kivuli, kwa hiyo naye akautia giza, ili uongo ufanane na kweli. Nikamnong'oneza atoe ile picha ya kwanza. Akainama. Alikuwa ameihifadhi mpya juu ya ile ya zamani.

Nimekaa nikifikiri ni wapi kijana alipokosea, maana kutia picha rangi si dhambi. Wapiga picha wa studio zetu za Pwani walimsimamisha mteja mbele ya pazia lililochorwa bahari na meli, naye akaondoka akicheka. Kila mtu alijua ni pazia. Matata huanza pale mtazamaji asipojua. Mwaka 1982 jarida la National Geographic lilisogeza piramidi mbili za Giza zikaribiane ili zitoshee kwenye jalada lake, na lawama zake hazijasahaulika mpaka leo. Siku hizo ilihitaji mitambo ya gharama kubwa. Leo ni kazi ya kidole kimoja ndani ya matatu.

Kama nawe unataka kujaribu, anza kwa kunakili picha, na ile ya asili uifiche mahali mkono wako haufiki. Halafu tafuta magharibi. Kwetu hapa karibu na ikweta jua hutua magharibi kamili mwezi wa Machi na Septemba. Juni huelekea kaskazini kidogo, Desemba kusini. Vivuli navyo ni mashahidi wabaya. Picha ya saa saba ina kivuli kilichojikunja miguuni, na jua la jioni hukinyoosha mbali, kikielekea upande wa kamera kama jua liko mbele yako. Baba yangu aliketi chini ya jua linalotua huku kivuli cha kofia kimemwangukia kidevuni! Heri uchague picha ya siku ya mawingu, isiyo na vivuli vikali, hiyo hukubali rangi bila kukusaliti.

Rangi zenyewe zina mpango wake. Jua likiwa kwenye upeo wa macho, mwanga wake hupita katika hewa nyingi, takriban mara 38 ya ile unayopita jua likiwa utosini. Njiani buluu hutawanyika, nyekundu na chungwa ndizo zinazofika. Kwa hiyo wekundu ukae chini karibu na ardhi, juu yake manjano, na utosini buluu ibaki. Wanaopaka mbingu yote rangi ya papai wanajifichua wenyewe.

Au ungoje tu jua la kweli. Chebunyo hutua kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kasoro kidogo, mwaka mzima, nalo halina subira. Tangu liguse upeo mpaka lizame ni dakika mbili na kitu, kwa sababu hushuka wima. London, ambako hushuka kwa mshazari, huchukua zaidi ya tatu. Ukienda kutafuta chaja, umelikosa.

Picha ya baba tuliipata baada ya wiki mbili, kwa binamu mmoja wa Nakuru aliyetumiwa kwa WhatsApp siku ile ile ilipopigwa. Ilikuwa imebanwa, haichapiki zaidi ya ukubwa wa postikadi. Uso umeangaziwa na jua kali, jicho moja limefinywa, mkononi ana fimbo. Mama ameiweka kando ya redio. Ile kubwa ya machweo kijana ameitundika chumbani kwake huko chuoni, na chini yake ameandika kwa kalamu: saa saba mchana.