Majivu ya Lamu, Majivu ya Kibera

Mnamo tarehe 26 Juni 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokusudiwa kujengwa Lamu. Katika mjadala ule majivu yalitajwa sana, lakini aghalabu kama lundo la nje, karibu na bahari. Ni wachache waliouliza kuhusu majivu yanayosalia ndani ya tanuri.

Katika mitambo ya aina hiyo makaa husagwa mithili ya unga na kupulizwa motoni. Chembe za majivu hulainika kwa joto kali, zikagandamana na mabomba ya maji, hata yakavikwa gamba linalozuia joto kupita. Ili kupata mvuke ule ule, sharti makaa zaidi yachomwe. Ndiyo maana wahandisi huunda kielelezo kwa kompyuta, wakifuata safari ya chembe: je, itaigonga bomba? Ikiigonga, itanasa au itadunda? Kwa hesabu hiyo hukadiria wakati wa kusafisha. Wakisafisha mapema mno, hupoteza mvuke; wakichelewa, gamba huwa gumu.

Mwanafunzi wa Kibera au Kawangware asidhani kwamba haya ni mambo ya mbali. Na alitazame jiko la nyumbani, lile la bati lenye udongo uliochomwa ndani, ambalo mafundi wa Shauri Moyo walianza kulitengeneza miaka ya 1980. Majivu yake hayayeyuki kama yale ya mtambo, lakini hufunika makaa na kuziba matundu. Hewa ikipungua, moto huzubaa, na mama aliyenunua makaa kwa mkebe hulazimika kununua mkebe wa pili. Baya zaidi, moto uliokosa hewa huzidisha kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na katika chumba cha mabati chenye mlango mmoja hewa hiyo huua watu usingizini. Hata jiko lililokung'utwa vyema halifai kulala nalo ndani.

Mtaala wa Umilisi unadai miradi. Basi mwalimu na awatoe wanafunzi uani, wapime makaa, wapime majivu, wahesabu dakika ambazo sufuria ya maji huchukua kuchemka kabla na baada ya kukung'uta, kisha wachore mchoro. Wapo watakaosema kwamba huo si uchunguzi wa maabara. Mimi nauona kuwa uchunguzi kamili, hasa kwa shule isiyo na maabara.

Kisha waletewe gunia la mti mwingine, warudie. Huenda mchoro wa kwanza ukakataa. Mpango wa Lamu nao ulikuwa kuanza kwa makaa ya Afrika Kusini, kisha kuhamia yale ya bonde la Mui, Kitui. Na makaa mapya huja na majivu yake, yenye tabia yake.