Sarafu Hunena

Katika milima ya kaskazini ya Ethiopia ulikuwapo zamani ufalme wa Aksum, uliopiga sarafu zake wenyewe. Mfalme Ezana, wa karne ya 4, kwanza alitia alama ya mwezi mwandamo katika sarafu zake, baadaye akatia msalaba. Ndipo twajua kwamba dini yake ilibadilika. Tena juu ya mlima Debre Damo, unaopandwa kwa kamba, zilionekana sarafu za dhahabu za wafalme wa Kushan wa Bara Hindi, nazo zashuhudia biashara ya ng'ambo. Basi, ndugu mkulima, jembe lako likifukua kitu cha kale, usikiyeyushe wala usikiuze. Kumbuka mahali kilipolala, ukawaarifu watu wa makumbusho. Kikitengwa na mahali pake, huwa bubu.