Nyama ya Malisho na Bei ya Mkaa

Marekani, anayetaka nyama ya ng'ombe aliyekula majani maisha yake yote hulipa zaidi, na ana sababu. Ng'ombe wengi wa kule humalizia miezi yao ya mwisho zizini, wakilishwa mahindi mpaka wanone. Sasa maneno hayo ya "nyama ya malisho" yameingia midomoni mwa wauzaji wetu wa mijini, na bei yake imekuja nayo. Je, mnunuzi wa Tanzania ana haja ya kuilipia?

Hana. Ng'ombe anayeshushwa kwenye lori mnadani Pugu, akitokea Shinyanga au Dodoma, mara nyingi ni zebu aliyechungwa porini tangu alipoacha kunyonya. Zaidi ya asilimia 90 ya ng'ombe wa nchi hii ni wa asili. Wapo wanaonenepeshwa kwa mashudu ya pamba na pumba, hasa Kanda ya Ziwa, lakini ni wachache. Kumtoza Mtanzania pesa ya ziada kwa sababu ng'ombe kala majani ni sawa na kumuuzia mvuvi maji ya chumvi.

Sibezi ubora wa nyama ya malisho. Nyama hiyo haina mafuta mengi, na mafuta yaliyopo huwa na omega-3 nyingi kuliko ya ng'ombe wa nafaka, ingawa kisahani kimoja cha dagaa kinaishinda kwa mbali. Ule umanjano wa mafuta, ambao wateja wengine huutilia shaka, hutokana na karotini ya majani mabichi.

Shida yetu ni ugumu. Zebu hukua taratibu: kiangazi kinamkondesha, masika yanamrudishia mwili. Mfugaji naye humuuza anapobanwa na ada ya shule au ugonjwa, si pale nyama inapokuwa nzuri. Ndiyo maana bucha hupokea madume yaliyokomaa na majike yaliyochoka kuzaa. Tena ng'ombe anachinjwa usiku, na asubuhi hiyo hiyo anakatwakatwa kwa shoka juu ya gogo, misuli ingali imekakamaa. Angening'inizwa kwenye baridi siku mbili tatu, vimeng'enya vya nyama yenyewe vingeilegeza. Ila mteja wetu akiambiwa nyama ni ya juzi anageuza njia, na bucha nyingi hata chumba cha baridi hazina.

Mzigo wote huo unaangukia jikoni. Mpishi anayeijua nyama hii hachezi nayo: huichemsha kwanza ndipo aiunge. Hukata vipande vikubwa vya mguu pamoja na mifupa yake, akatia chumvi, tangawizi na kitunguu saumu, maji yakafunika nyama, kisha huacha moto mdogo ufanye kazi saa mbili au tatu bila sufuria kufoka. Zile kano nyeupe huyeyuka zikawa ule utelezi unaoganda supu ikipoa. Anayetaka mishikaki hupakaa papai bichi lililopondwa, lakini kwa kiasi, maana papai haliingii ndani: likikaa sana, juu panakuwa uji na katikati pamebaki kamba.

Saa tatu za moto ni mkaa. Mnunuzi wa mjini akihesabu nyama kwa kilo tu, hajahesabu chote anacholipa. Ile nafuu anayodhani ameipata kwa dume zee inaishia jikoni, na misitu ya Pwani na Morogoro inalipa pia. Presha kuka husaidia sana, kwa aliye nayo.

Kwa hiyo kibandiko cha malisho hakinipi taarifa ninayoihitaji. Nataka kujua umri wa mnyama na siku aliyochinjwa. Umri si siri: meno ya mbele ya ng'ombe yanausema, na mkaguzi yupo machinjioni akiwa na kichwa mkononi. Tuna Bodi ya Nyama iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2006. Ianzie hapo, nyama igawanywe kwa umri na bei zitofautiane, badala ya kila kitu kuuzwa kama "steki" au "mchanganyiko". Mwenye kupika supu angechukua ya dume zee kwa bei ya chini bila kinyongo, mchoma mishikaki angeongeza pesa kwa ng'ombe kijana, na mfugaji angekuwa na sababu ya kuuza mapema, kabla kiangazi hakijamla ng'ombe wake.